Mama, Usilitupe Boga la Mtoto



Leo nataka tuongee juu ya boga. Ndiyo, boga. Malenge. Najua kuna watakaocheka, na kuna watakaokasirika kabla hawajafika katikati. Nawaomba nyote mtulie, msome hadi mwisho, halafu mnipinge kama mtaona vyema. Lakini msininukuu nusu. Nusu ndiyo iliyotuletea shida.

Wiki iliyopita, saa kumi na moja alfajiri, simu yangu ililia. Alikuwa dada mmoja wa ushirika wetu anayeishi Minnesota, Marekani. Kwao ilikuwa saa tatu usiku. Alikuwa ametoka zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na alikuwa analia.

Siku hiyo kijana wake wa miaka saba alirudi kutoka shuleni na boga alilotengeneza darasani. Sahani ya karatasi iliyopakwa rangi ya machungwa, kikonyo cha kijani kilichokatwa kwa makasi, macho mawili, na mdomo unaocheka. Mama alipoliona tu, akalikunja, akalitia kwenye pipa la taka, akakemea pale pale jikoni. Mtoto hakusema kitu. Alienda chumbani akafunga mlango. Usiku, mama alipokuwa anafunga mfuko wa taka, akaona ile sahani imegeuka. Nyuma yake palikuwa pameandikwa kwa penseli, kwa herufi kubwa za mtoto: YA MAMA.

Akaniambia, "Pasta, nilifanya hivyo kwa sababu yako."

Nikamwuliza, kwa sababu yangu vipi? Akanikumbusha klipu. Miaka michache iliyopita nilisimama madhabahuni nikasema kwamba kila boga linaloingia katika nyumba ya mwamini mwezi wa Oktoba limebeba pepo. Watu wakasimama, wakapiga makofi. Klipu ikatembea kwenye vikundi vya WhatsApp, ikavuka bahari. Sikuwa nimesoma lolote. Sikuwa nimemwuliza hata mtu mmoja anayelima maboga huko. Nilisikia jambo, nikapenda jinsi linavyosikika, nikahubiri.

Wapendwa, nilikosea. Na kwa kuwa kosa nililifanya hadharani, siwezi kulirekebisha chumbani. Nalirekebisha hapa, kwenye ukurasa uleule. Kama ulisambaza klipu ile, tafadhali sambaza na hii.

Sasa nisikize vizuri.

Kwanza, tuulize swali ambalo mimi sikuuliza. Kwa nini maboga yanajaa Marekani mwezi wa Oktoba? Jibu atakupa mkulima yeyote. Huko hawapandi wakati wanapotaka kama sisi tunaokaa karibu na ikweta. Boga hupandwa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, baridi ikishaisha kabisa. Linahitaji siku kama 90 hadi 120 kukomaa. Hesabu mwenyewe: utafika Septemba na Oktoba. Na ni lazima livunwe kabla ya barafu kali, maana barafu ikilipiga shambani, linaoza. Basi boga halikuja Oktoba kwa mwaliko wa Halloween. Lilikuja kwa sababu baridi iko njiani na mkulima anawahi mavuno yake. Nani aliyepanga majira hayo, ya kupanda na ya kuvuna? Mnajua jibu. Mlifundishwa Jumapili ya watoto.

Pili, ninyi mnaosema boga ni mambo ya wazungu. Boga asili yake ni Amerika. Huko Mexico wachimbaji wa mambo ya kale wamepata mbegu za maboga yaliyolimwa miaka kama 10,000 iliyopita, kabla mzungu yeyote hajafika huko. Na wenyeji wa Amerika ya Kaskazini walilipandaje? Walipanda mahindi, maharagwe na maboga katika shamba moja. Mahindi yanasimama, maharagwe yanapanda juu yake, boga linatambaa chini na majani yake yanafunika udongo usikauke. Je, hilo si shamba la shosho yako? Nenda Murang'a, nenda Kakamega, utaona mahindi, maharagwe na malenge vinakaa pamoja kama ndugu. Vyote vitatu asili yake ni huko huko. Kwa hiyo kama unataka kulifukuza boga kwa sababu lilitoka ng'ambo, fukuza na githeri. Fukuza na ugali. Halafu uniambie utamlisha mtoto nini.

Tatu, zile nyuso zinazochongwa. Hapa nitakuwa mwangalifu, maana hapa ndipo tunapochanganya mambo. Desturi ya kuchonga nyuso za kutisha na kuweka mwanga ndani ilitoka Ayalandi na maeneo jirani, na hawakuchonga boga. Walichonga tanipu, mmea wa jamii moja na kabichi yetu. Wahamiaji walipofika Marekani wakakuta boga ni kubwa na laini zaidi, wakahamia kwenye boga. Na jina lenyewe la Halloween maana yake ni mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote, ambayo huadhimishwa Novemba 1. Kilichokuja kuning'inizwa juu ya mkesha huo, mafuvu na damu na makaburi ya plastiki, ni shauri lingine. Mimi nyumbani kwangu sikiweki. Sioni sababu ya kumfundisha mtoto mdogo kwamba kifo ni pambo la mlangoni. Kama mzazi hutaki mtoto wako ashiriki, mwandikie mwalimu mapema, kwa heshima, bila kumhukumu. Ni haki yako.

Lakini tafadhali, tenganisha vitu viwili. Fuvu ni fuvu. Boga ni boga. Mtoto aliyepaka sahani rangi ya machungwa na kuichora kicheko hajaabudu mtu yeyote. Amefanya kazi ya mikono, na amekuletea.

Najua kuna wachungaji wenzangu wataniambia, "Pasta, unafungua mlango mdogo, na adui atapitia hapo." Nimelifikiria sana hilo. Naomba nijibu kwa Neno.

Fungua 2 Wafalme 4, kuanzia mstari wa 38. Kulikuwa na njaa Gilgali. Mtu mmoja akaenda kondeni kutafuta mboga, akaokota matango-mwitu, akayakatakata ndani ya sufuria bila kujua ni kitu gani. Watu walipoanza kula wakapiga kelele kwamba ndani ya sufuria mna mauti. Sasa angalia Elisha alifanya nini. Hakuivunja sufuria. Hakuwakataza manabii kupika. Hakumfukuza kijana aliyeokota. Aliomba unga, akautia ndani, akasema wape watu wale. Na hapakuwa tena na neno baya sufuriani. Unaona? Mtumishi wa Mungu alipoona kuna ubaya katika chakula, alitia kitu chema ndani. Sisi tumekuwa watu wa kuvunja sufuria, halafu tunashangaa kwa nini watoto wana njaa.

Rudi nyuma kidogo, 1 Wafalme 6:18. Nyumba ya Bwana aliyoijenga Sulemani, mbao za mierezi ndani yake zilichongwa michoro. Michoro ya nini? Tafsiri kadhaa zinasema vibuyu na maua yaliyochanua. Kibuyu na boga ni jamii moja, wote ni wa ukoo wa mitambaazi. Mafundi walikaa na patasi zao wakachonga matunda ya jamii ya boga kwenye kuta za hekalu, na utukufu wa Bwana ukaijaza nyumba hiyo. Kama umbo la tunda lingekuwa mlango wa mapepo, basi Sulemani alifungua mingi sana.

Na nani aliyejazwa Roho wa Mungu katika Kutoka 31? Bezaleli. Alijazwa ili afanye nini? Ili achonge, ashone, afue dhahabu, afanye kazi za mikono. Sisi Wapentekoste tunaopenda kujazwa, mbona tunadharau mikono?

Hapo ndipo ninapotaka kufika, wapendwa. Ugomvi wangu leo si na boga wala na Halloween. Ni na sisi wazazi.

Tuna nguvu ya kukemea sahani ya karatasi, lakini hatuna dakika ishirini za kukaa na aliyeichora. Tunajua kila video inayosema Oktoba ni mwezi wa giza, lakini hatujui rafiki wa mtoto wetu anaitwa nani. Tunalinda mlango wa mbele kwa maombi na kufunga, na nyuma mtoto anakua peke yake na simu mkononi. Niambie ukweli, ni kipi kinachomwibia mtoto wako zaidi: boga la karatasi, au zile saa nne za skrini kila jioni kwa sababu wewe umechoka?

Na ninyi mlio huku nyumbani, msicheke. Serikali ilipoleta mtaala wa CBC, shule zikaanza kuomba watoto watengeneze vitu kwa maboksi na matambara na vifuniko vya chupa. Sisi wazazi tukafanyaje? Tulilalamika. Halafu usiku, mtoto akiwa amelala, tukakaa mezani tukaitengeneza wenyewe, nzuri, imenyooka, ili mwalimu atoe alama. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe. Mama Mchungaji ni shahidi. Kijana wangu alipata alama kwa kazi ambayo hakuigusa. Tulimfundisha nini usiku ule? Kwamba mikono yake haitoshi.

Yule kijana wa Minnesota alifanya kazi yake mwenyewe. Iliinama upande mmoja, rangi ilivuka mstari, lakini ilikuwa yake, na alikuwa amekwisha kuamua itakuwa ya nani. Ikaenda kwenye taka. Wapendwa, mtoto akitupiwa kitu alichokutengenezea mara moja, atajaribu tena. Akitupiwa mara tatu, ataacha kukuletea. Na siku atakapokuwa na miaka kumi na tano, akiwa na jambo zito moyoni, utashangaa kwa nini hakuletei hilo pia.

Kwa hiyo leo sitakuambia tu usilitupe. Nitakuambia ukae chini ulitengeneze pamoja naye. Kumbukumbu la Torati 6 inatuagiza tuwafundishe watoto tuketipo nyumbani na tutembeapo njiani. Haikusema kwenye mimbari peke yake. Haya sasa, keti. Nitakupa kazi tano rahisi. Nimezijaribu zote na watoto wa Shule ya Jumapili, na nguo yangu ina rangi hadi leo.

Ya kwanza ni ileile ya sahani. Mpe mtoto sahani ya karatasi, rangi nyekundu na rangi ya njano. Usimnunulie rangi ya machungwa. Mwache achanganye mwenyewe, aone nyekundu na njano zikigeuka kitu cha tatu mbele ya macho yake. Apake, ikauke, halafu mkate kikonyo kwa karatasi ya kijani mbandike kwa gundi. Mtoto wa miaka mitatu anaweza. Usimrekebishe. Likiinama, liache liiname.

Ya pili ni ya muhuri. Kata tofaa katikati, kutoka juu kwenda chini. Kata wewe, mtoto asishike kisu. Chovya upande uliokatwa kwenye rangi, gandamiza kwenye karatasi. Utapata umbo la boga dogo lenye mabega mawili. Mtoto aongeze kikonyo kwa kidole. Kama tofaa ni ghali, kiazi kinafanya kazi hiyo hiyo. Kwa dakika kumi utakuwa na shamba zima la maboga ukutani, na kadi ya kumtumia nyanya yake Kenya.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, na ndiyo ninayotaka familia zote za ushirika huu mfanye. Kata karatasi ya rangi ya machungwa iwe vipande virefu kama nane, upana wa vidole viwili, urefu wa kiganja na nusu. Kabla ya kuunganisha, kila mtu wa nyumba aandike jambo moja analoshukuru juu ya kipande chake. Asiyejua kuandika aseme, umwandikie. Halafu vipange kimoja juu ya kingine vikate katikati kama miale ya jua, vibandike pale katikati, kisha uinue ncha zote juu uzikusanye pamoja. Vitajipinda, vitakuwa boga la mviringo. Funga juu kwa uzi au gundi, chomeka kijiti. Weka mezani. Siku mtoto akiwa na hasira, fungueni kipande kimoja msome. Utashangaa alichoandika.

Ya nne haihitaji gundi wala makasi. Chukua tishu ya chooni iliyo nzima, iweke katikati ya kitambaa cha rangi ya machungwa, kikubwa cha kutosha kuizunguka. Inua pembe za kitambaa uzisukumize ndani ya lile tundu la juu. Chomeka kijiti na jani moja. Umemaliza. Mama aliyetoka zamu mbili anaweza kufanya hii akiwa ameketi kitandani bila kuvua viatu. Na kitambaa kikichoka, tishu bado ina kazi yake. Hakuna kinachopotea.

Ya tano ni boga lenyewe, boga halisi. Hapa niwaambie, msilichonge. Na sababu yangu si pepo, ni chakula. Boga lililokatwa na kutobolewa linaoza kwa siku chache. Boga zima lililowekwa pakavu penye ubaridi kidogo linakaa wiki nyingi. Kila mwaka huko ng'ambo maboga mengi sana huchongwa, huwekwa mlangoni wiki moja, kisha huenda kwenye taka. Mtu aliyekua akila malenge ya kuchemshwa na chai ya asubuhi hawezi kuona hivyo bila kuumia roho. Hilo lingefaa kutukasirisha kuliko mambo mengi tunayokasirikia. Basi mpeni mtoto boga zima, aoshe, apambe kwa kufungia uzi na majani mekundu na ya njano aliyookota chini ya miti. Msilipake rangi, ili mlile. Baada ya wiki mbili toeni mapambo, lipasueni, mlipike. Lichemsheni, lipondeni na viazi, au mtie kwenye unga wa chapati, chapati zinatoka laini na zenye rangi ya dhahabu.

Na mbegu? Usizitupe. Zioshe, zikaushe vizuri. Nusu mtoto abandike kwa gundi kwenye kipande cha boksi, aandike jina lake kwa mbegu. Nusu nyingine zikaange bila mafuta na chumvi kidogo, mle. Zina protini na madini ya zinki. Ila watoto wadogo chini ya miaka minne wasipewe mbegu nzima, zinaweza kuwakaba.

Sasa nigeukie nyumbani Kenya, maana naona mmeanza kusema somo hili ni la watu wa ng'ambo.

Huku kwetu kuna ugonjwa wa upande wa pili. Kuna wazazi hapa Nairobi wanaolipa pesa nyingi mtoto akavae kinyago cha fuvu kwenye sherehe, wakanunua boga la plastiki lililosafirishwa kwa meli, na nje ya lango mama mboga ameketi na malenge halisi, ameyakata vipande, hakuna anayemwangalia. Ndugu zangu, tunaiga majira ambayo hatuna. Huku majani hayabadiliki rangi Oktoba. Huku Oktoba ni jakaranda, barabara zimejaa maua ya zambarau. Huku ni mvua za vuli. Wenzetu wanavuna, sisi tunapanda. Kumtengenezea mtoto wa Kenya Oktoba ya kuazima ni kumwambia Oktoba yake haitoshi.

Kwa hiyo kazi ya mikono ya mtoto wa huku ni hii. Nunua kipande cha malenge kwa mama mboga. Mtoto atoe mbegu kwa vidole vyake, azioshe, azikaushe siku kadhaa kivulini. Chukua mkebe mtupu, utoboe chini, mtoto aupake rangi ya machungwa na kuuchora uso anaoutaka, kisha ajaze udongo. Apande mbegu mbili, kina cha kidole kimoja. Mvua ikija, kwa wiki moja hivi ataona kitu kinainua kichwa. Kikipata nguvu mkihamishie ardhini, hata kando ya ua. Shule zikifunga atakuwa na kazi kila asubuhi, na itakapofika Krismasi huenda mkachuma majani yenu wenyewe ya mukimo, au seveve kama ninyi ni watu wa magharibi. Mtoto huyo ukimhubiria juu ya mbegu na mpanzi, hutahitaji kumweleza mara mbili.

Nimalizie kwa yule dada.

Asubuhi ile nilimwomba msamaha. Halafu nikamwambia, usimpe mtoto maelezo marefu. Mwambie umekosa, kisha kaa naye mtengeneze lingine. Akasema, "Pasta, mimi sijawahi kutengeneza kitu na yeye. Najua kufanya kazi tu." Wapendwa, sentensi hiyo nimeibeba wiki nzima. Huyu ni mama anayelipa karo za wadogo zake huku. Anaosha wazee wa watu wengine kwa upendo usiku kucha. Simlaumu. Lakini wengi wetu, wa huku na wa huko, tungesema hivyo hivyo kama tungekuwa wakweli.

Jumamosi alikuwa na mapumziko. Waliketi chini jikoni wakafanya lile boga la vipande. Aliniambia mtoto alikuwa mkimya mwanzoni. Alikata polepole. Kabla ya kuandika kipande chake cha kwanza, alimwangalia mama yake akauliza, "Hili utalitupa?"

Hakuuliza kama lina pepo. Aliuliza kama litatupwa.

Mama akamwambia, hapana. Liko mezani hadi leo. Sijaambiwa kijana aliandika nini, na sikuuliza. Hilo ni lao.

Kwa hiyo, mzazi unayesoma hii, hii ndiyo kazi ya wiki. Chagua moja kati ya hizo, tenga dakika ishirini, weka simu chumba kingine. Ukimaliza, tuma picha ya boga hapa chini. Boga tu, si uso wa mtoto, tuwalinde. Nataka kuona maboga yaliyoinama, rangi zilizovuka mstari, mikebe yenye udongo. Likiwa zuri mno nitajua ni wewe uliyelifanya.

Na kama kuna mtoto uliyemtupia kitu chake, hata kama ni zamani, hata kama sasa ni mtu mzima, mpigie simu leo.

Tuombe. Baba, tusamehe tuliopaza sauti juu ya mambo madogo tukanyamaza juu ya makubwa. Nisamehe mimi wa kwanza. Rudisha mioyo ya wazazi kwa watoto na mioyo ya watoto kwa wazazi. Bariki mikono midogo na kazi zake. Tupe muda, na tukiupata, utufundishe kuketi. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika Amina. Halafu zima simu, nenda ukachanganye rangi.